KUUNGANISHA KAZI ZA AFYA KATIKA VIJIJI VYETU

Hotuba ya Katibu wa Kamati ya Afya ya Jamii katika maadhimisho ya Siku ya Wakimbizi Duniani, Juni 20, kambi ya Nyarugusu, Mkoa wa Kigoma



Awali ya yote namshukuru Mungu aliyetukutanisha hapa tukiwa hai. Pili, naishukuru Kamati ya Maandalizi kwa kunipa nafasi ya kusema machache. Nimepewa dakika 20, na Mwenyekiti amekwisha kunionyesha saa yake, kwa hiyo sitarudia historia ya kambi ambayo wenzangu wameieleza vizuri asubuhi. Mada yangu ni uratibu wa miradi midogo ya afya katika vijiji vyetu humu kambini. Neno "uratibu" ni neno la ofisini. Wiki iliyopita mzee mmoja wa kijiji changu alinisikia nikilitamka, akaniuliza, "Katibu, huo uratibu unaliwa na nini?" Swali lake ni la haki. Nitajaribu kulijibu kwa mambo tuliyoyaona kwa macho yetu, pamoja na yale tuliyoyakosea sisi wenyewe.

Nianze na mwaka 2015, kwa sababu ndugu zetu Warundi walio hapa wanaukumbuka kuliko mimi. Mwezi wa Aprili mwaka ule machafuko yalipoanza Burundi, maelfu ya watu walikimbilia Kagunga, kijiji kidogo kilichobanwa kati ya milima na Ziwa Tanganyika. Waliisubiri meli ya Liemba iwachukue hadi Kigoma mjini, na katika kusubiri walikunywa maji ya ziwa lile lile walilolitumia kwa kila haja. Kipindupindu kikaingia. Mwezi wa Mei ulipokuwa unakwisha, wagonjwa walikuwa wamefika 3,000, na waliokufa walikuwa takriban 30. Wenzetu hao wakaletwa Nyarugusu, kambi iliyokuwa tayari na Wakongo zaidi ya 50,000 tangu ilipofunguliwa mwaka 1996, na wengi wakalala kwanza madarasani na makanisani.

Wazee waliokuwa upande wa Goma mwezi Julai 1994 wanajua kipindupindu kinaweza kufanya nini kambini. Kule, katika mwezi wa kwanza peke yake, karibu watu 50,000 walikufa kwa kipindupindu, kuhara damu na maradhi mengine. Hapa halikutokea jambo kama hilo. Zilikuwepo dawa, maji yenye klorini na waganga. Mwezi wa Juni 2015 ilikuja chanjo ya kunywa, dozi mbili, na watu zaidi ya laki moja wakaipata, wakimbizi pamoja na wenyeji wa jirani. Lakini mimi niliyekuwa nikitembea nyumba kwa nyumba naomba niongeze jambo moja. Katika kijiji chetu kila mhamasishaji alikuwa na klasta yake na orodha yake, kwa Kiswahili na kwa Kirundi, na jioni tulikaa pamoja tukasoma nyumba moja moja: hii tumefika, hii bado, huyu amekataa, kesho aende mama fulani anayesikilizwa pale. Hatukuuita uratibu. Tulikuwa na hofu, na hofu ikatufanya tuulizane.

Hofu ilipokwisha, kila mtu alirudi kwenye kibao chake.

Hili nalisema nikijihesabu na mimi. Miaka michache baadaye, msimu wa mvua, katika kijiji chetu kulikuwa na makundi matatu yaliyofanya kazi ya kunawa mikono. Kina mama walikuwa na mradi wao, vijana walikuwa na wao, na kamati ya usafi ilikuwa na wake. Kila kundi lilipata msaada wake kutoka shirika lake. Mkienda sokoni mlikuta vibuyu chirizi vimepangwa kama bendera za sikukuu, na shuleni hali kadhalika. Mtoto aliyetaka kunawa alikuwa na nafasi ya kuchagua. Kwa nini pale? Kwa sababu wageni wakija hupitia sokoni na shuleni. Sisemi hivyo kumdharau mtu. Hata mimi nilipiga picha pale.

Huku chini bondeni, katika klasta za mwisho, kituo cha maji kilikuwa na koki sita, na zilizotoa maji zilikuwa mbili. Viwango vinavyotumiwa na mashirika vinasema koki moja isihudumie watu zaidi ya 250. Tulipokuja kuhesabu, zile mbili zilibeba watu karibu 900. Kwa hiyo mama aliyeona foleni imefika barabarani alichukua dumu lake akashuka kwenye chemchemi ya bondeni, ambayo mvua ikinyesha hupokea kila kitu kinachoteremka kutoka vyooni juu. Maji yalikuwa bure, hayakuwa na foleni, na yalionekana meupe.

Aliyetuamsha ni muuguzi mmoja wa zahanati. Rejesta ya wagonjwa ina safu ya anwani, safu ambayo wengi huijaza haraka haraka. Yeye akaisoma. Akaona kwamba watoto wa kuhara waliotundikiwa maji wiki zile tatu, sehemu kubwa walitoka klasta mbili tu, zile za bondeni. Akaja jioni, baada ya zamu yake, akatuuliza kuna nini kule. Tukamjibu kwa kujiamini kuwa kijiji chetu kina miradi mitatu ya kunawa mikono.

Koki zilitengenezwa kwa nusu siku. Kilichoharibika kilikuwa vipira vya ndani, vitu vinavyoenea kiganjani. Na fundi bomba anaishi klasta ya pili kutoka pale. Nilipomuuliza kwa nini hakuja mapema, akasema hakuna aliyemwambia, naye alidhani kamati ya maji imekwisha kupeleka taarifa ofisini. Kamati ya maji ilidhani sisi wa afya tumepeleka. Na sisi wa afya? Nilikwenda kufungua muhtasari wa mikutano yetu. Koki zile zilikuwemo mara mbili, mkutano wa mwezi uliotangulia na wa mwezi ule, kwa mwandiko wangu mwenyewe: "Suala la koki za bondeni lifuatiliwe."

Lifuatiliwe na nani? Sikuandika. Ndugu zangu, Kiswahili chetu cha mikutano kina ugonjwa huu. Lifuatiliwe, lishughulikiwe, liangaliwe upya. Neno limekaa vizuri, Mwenyekiti ameridhika, Katibu amepumzika, na hakuna mtu hata mmoja katika mkutano anayetoka pale akijua kwamba kesho asubuhi ni yeye anayetakiwa kuvaa viatu.

Basi tukanunua daftari. Daftari la kawaida la kurasa 200. Tukakubaliana kwamba kazi yoyote ya kuboresha afya katika kijiji, iwe ya kina mama, ya vijana, ya kanisa, ya msikiti, au ya shirika lenye magari kumi, itakuwa na mstari wake mle. Katika mstari kuna kazi yenyewe, mahali, jina la mtu mmoja, siku ya kumaliza, na alama ya kututambulisha kwamba imefaa. Jina la mtu mmoja, si la kamati. Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi tunakaa na kusoma mistari iliyo wazi. Mstari uliokwama unasomwa kwa sauti pamoja na jina, na mwenye jina anaeleza.

Msidhani watu walilipokea kwa vigelegele. Miezi ya kwanza wengi walikataa kuandikwa. Walisema, na walikuwa na sababu, kwamba mkimbizi amekwisha kuandikwa mahali pengi mno, na mara nyingi kuandikwa kwake hakukumletea heri. Mama mmoja wa kundi la kina mama alisimama akasema, "Katibu, ukiniandika mimi jina, niandikie na ufunguo wa stoo." Watu walicheka, lakini nilikaa na maneno yale. Alikuwa ameandikwa asimamie usafi wa vyoo vya sokoni, na chepeo, chokaa na sabuni vilikuwa katika stoo ambayo yeye haruhusiwi kuifungua. Ukimpa mtu jukumu bila kumpa njia, umemwekea lawama tu. Tangu siku ile tukaongeza safu moja: kifaa kiko wapi na nani anacho.

Kuna na kosa jingine la daftari ambalo afadhali niliseme hapa kuliko mlisikie kisimani. Mwanzoni tuliandika humo hata majina ya wagonjwa, ati tufuatilie vizuri. Daftari likawa linasomwa na kila aliyepita. Tuliacha. Habari za ugonjwa wa mtu ni za mtu huyo na mganga wake. Sisi tunahitaji kujua klasta na idadi, basi.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo ndilo lililonifanya nikubali kusema leo.

Gari la wagonjwa tunalo, lakini wakati wa mvua haliwezi kuingia katika vijia vyetu vya ndani. Litasimama barabarani, na kutoka nyumbani hadi barabarani mama mwenye uchungu atembee au abebwe. Kule kwetu Fizi tulikuwa tukibeba kwa tipoyi, na watu wakubwa hapa wanajua kuifunga. Kwa hiyo tukaamua kutengeneza machela mbili nzuri, za miti na turubai. Katika daftari mstari ukaandikwa: machela mbili, kijiji chetu. Jina: la kwangu. Siku ya kumaliza: mwisho wa mwezi. Alama ya kujua kwamba imefaa: machela zimekamilika. Vijana walifanya salongo ya siku moja, kazi ikawa nzuri, nikazipokea, nikazifungia katika ofisi ya kijiji zisiibiwe, kwa maana turubai hapa ni mali. Nikaweka alama ya vyema kwenye daftari. Jumamosi iliyofuata nilipigiwa makofi.

Wiki chache baadaye nilikuwa kwenye matanga katika kanda nyingine. Nililala huko. Usiku ule mama mmoja wa kijiji chetu alishikwa na uchungu, na mvua ilikuwa kubwa. Mume wake alikimbilia ofisini, akakuta kufuli. Akakimbia nyumbani kwangu, mke wangu akamwambia sipo. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu, umbali wa saa nzima kwa miguu. Walijaribu kumpakia mama juu ya baiskeli, ikashindikana katika tope. Wakasubiri. Palipokucha majirani walimbeba katika blanketi hadi barabarani. Mama alipona. Mtoto hakuishi.

Mama huyo yupo hapa leo. Nilimwomba ruhusa kabla ya kuandika hotuba hii, akaniambia, "Sema, lakini usinitaje." Simtaji.

Nilifungua daftari siku ya matanga ya mtoto yule. Mstari ulikuwa na alama ya vyema. Kwa hesabu ya daftari kazi ilikuwa imekwisha. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba tumeandika jambo lililokuwa rahisi kwetu kulithibitisha, yaani vitu viwili vya miti na turubai, na hatukuandika lile ambalo mama alilihitaji, yaani kufika wodini kabla mambo hayajaharibika.

Wakunga wa wodi ya wazazi walitusaidia sana baada ya hapo. Walitufundisha kwamba mama akichelewa, huwa amechelewa katika moja ya sehemu tatu: kuamua kuondoka nyumbani, kusafiri hadi kituoni, au kupokewa na kuhudumiwa akishafika. Machela inagusa ile ya katikati peke yake. Tukaenda kuuliza kina mama wenyewe, siku za kliniki, kila mmoja aeleze safari yake ya mwisho ya kujifungua. Yaliyotoka hapo hatukuyatarajia. Wako waliosubiri nyumbani kwa sababu hakukuwa na mtu wa kubaki na watoto. Wako waliosubiri mama mkwe aseme neno. Wengine waliogopa kupita usiku karibu na korongo, na si kwa sababu ya tope.

Kwa hiyo mstari wa machela ulifunguliwa tena, na sasa umeandikwa hivi: mama yeyote mwenye uchungu afike barabarani katika nusu saa tangu aombe msaada. Machela moja inaning'inia nje ya kibanda cha sungusungu, haina kufuli, na nyingine iko kwa mama mkunga wa jadi, ambaye siku hizi hazalishi nyumbani bali husindikiza. Kila klasta ina wabebaji wanne, na mama mmoja aliyekubali kupokea watoto wa jirani usiku wowote. Machela haijaibiwa hadi leo. Nilikosea kuhusu wezi pia.

Sungusungu huandika kila safari: saa waliyoitwa na saa waliyofika barabarani. Siwezi kusimama hapa nikawaambia kwamba hakuna mama aliyechelewa tena. Wako waliochelewa. Mara moja sababu ilikuwa tochi isiyo na betri. Lakini sasa tunaijua sababu siku ya pili yake, na katika mkutano wa Jumamosi kuna mtu anayejibu.

Naomba nigusie na habari ya ndoo, kwa sababu inatuhusu sisi wakimbizi na haikutoka ofisi ya mbali. Mwaka 1993 wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa katika kambi ya Nyamithuthu, nchini Malawi, walikuwa wakichota maji safi kisimani, lakini maji yale yale yakipimwa nyumbani yalikutwa machafu. Uchafu uliingia njiani na ndani ya nyumba, hasa kwa mikono iliyoingia ndani ya ndoo. Watafiti wakachukua kaya kama 400, robo yake wakapewa ndoo zenye kifuniko chenye tundu jembamba na mdomo wa kumiminia, kiasi kwamba mkono hauwezi kuingia. Wakafuatilia kwa miezi minne. Katika kaya zenye ndoo hizo, watoto wa chini ya miaka mitano walihara pungufu kwa asilimia 31 kuliko wenzao. Ni ndoo tu. Angalieni lakini jinsi walivyofanya: hawakugawa kwa wote siku moja na kupiga picha. Walitazama waliopata na wasiopata, wakahesabu.

Sisi kijijini tuliwahi kugawiwa ndoo za kifuniko. Nzuri kabisa. Leo mkiniuliza zilipunguza kuhara kwa kiasi gani, sina jibu, kwa kuwa hatukuhesabu kabla. Ninachojua ni kwamba vifuniko vingi vilihamia kwenye biashara ya maandazi.

Sasa nina neno kwa ndugu zetu wa mashirika, na naomba mlipokee kama neno la mtu wa nyumbani. Kuna mwaka mashirika mawili yalifundisha wahamasishaji wa usafi mwezi mmoja, mafunzo yale yale, watu wale wale. Hakuna aliyewaambia, kwa sababu kila mafunzo yalikuwa na soda na posho kidogo. Mimi nilihudhuria yote mawili na vyeti ninavyo. Lawama ni yetu na yenu pia. Mngepita kwenye daftari la kijiji kabla ya kupakia gari, mngekuta mstari umekwisha kuandikwa.

Ombi la pili ni hesabu. Kila wiki zahanati zinaandika wagonjwa wa malaria, wa kuhara, wa kifua, kina mama waliojifungua kituoni na waliojifungua njiani. Hesabu hizo hupanda Kasulu, Kigoma, Dar es Salaam, na nasikia hufika hata Geneva. Bondeni hazirudi. Tunaomba karatasi moja kwa mwezi kwa kila kijiji, bila jina la mgonjwa, ibandikwe kwenye ubao. Muuguzi yule alitusaidia kwa sababu alisoma safu ya anwani kwa hiari yake. Haifai tutegemee hiari ya mtu mmoja aliyechoka.

La tatu linahusu mambo ya kuanza na kuacha. Anayetuletea kituo cha maji atuambie siku ile ile ya ufunguzi ni nani atakayebadilisha vipira vya koki mwaka wa tatu, na vitatoka wapi. Kama jibu ni "jamii itasimamia", tunaomba jina.

Najua wakati tulio nao. Tangu mwanzo wa mwaka 2025, Marekani iliposimamisha sehemu kubwa ya misaada yake ya nje, mashirika mengi yamepunguza watumishi na kazi, na sisi tunaoishi kwa mgao tunajua hali ilivyo bila kusomewa. Katika hali hii nasikia watu wakisema, wengine kwa nia njema, kwamba sasa jamii ijipange yenyewe. Naomba nisieleweke vibaya. Daftari halitibu malaria. Daftari halishoni mama aliyepasuka wala halitengenezi dawa ya mseto. Sikuja hapa kuwaambia wafadhili kwamba wakimbizi wana daftari, kwa hiyo wanaweza kwenda. Mwaka 1978 mataifa yalipokutana Alma-Ata na kutangaza afya ya msingi kwa wote, yaliandika kwamba watu wana haki na wajibu wa kushiriki katika kupanga na kutekeleza huduma za afya yao. Haki na wajibu, yote mawili. Wajibu tunakumbushwa mara kwa mara: chimbeni, fagieni, jitoleeni. Ile haki ya kupanga ndiyo tunayoidai tunapofungua daftari mbele yenu. Kama ni lazima huduma ipunguzwe, basi kabla ya kuipunguza njoni mkutano wa Jumamosi, mtuulize ipi ikiondoka itamuumiza nani. Tunajua klasta kwa klasta.

Na kwa viongozi wenzangu wa vijiji ambavyo bado havina daftari: msisubiri semina. Daftari moja na kalamu mbili, maana kalamu hupotea. Anzeni na mistari mitatu, si thelathini. Kijiji kimoja jirani yetu walianza na mistari 40, mwezi wa pili hakuna aliyetaka kuhudhuria. Muwe na subira na wazee ambao hawasomi. Kwetu mistari inasomwa kwa sauti, kwa lugha zote mbili, na kumbukumbu ya mzee mara nyingi imesahihisha mwandiko wa katibu.

Namaliza na matangazo, kwa kuwa nimepewa kipaza sauti na sijui nitakipata tena lini. Mkutano ujao ni Jumamosi ya kwanza ya mwezi, saa tatu asubuhi, kwenye ukumbi wa kijiji. Mistari iliyo wazi ni mitatu. Kivuko cha miti kwenye korongo kimeoza upande mmoja, na mwenyekiti wa vijana ndiye aliyeandikwa jina. Anahitaji watu kumi wa salongo siku ya Alhamisi. Koki moja ya bondeni imeanza tena kuvuja, fundi anayo habari na vipira vimepatikana. Tochi ya sungusungu inahitaji betri nne kubwa kabla ya Jumamosi. Jina lililoandikwa kwenye mstari wa betri ni la kwangu, na zilizopatikana hadi sasa ni mbili. Mwenye nazo anikute hapo mlangoni tukitoka.